Msumeno wa Watu Wawili

Tulipoachana, mimi na mume wangu tuligawana kila kitu isipokuwa msumeno wa meza.

Vitu vingine havikuleta shida. Wazee wa pande zote mbili waliketi sebuleni mwetu, wakanywa chai, wakataja kitu kimoja kimoja nasi tukaitikia. Ng'ombe alikwenda kwake kwa sababu nyasi zilikuwa kwao. Viti na kabati vikabaki kwangu. Binti yetu alikuwa ameshaingia chuo Eldoret. Yeye alisema atakuwa akitutembelea sote wawili, mradi tusimgeuze mpelelezi. Walipomaliza ya nyumbani wakafika kwenye mambo ya karakana, mjomba wake mume wangu akauliza, "Na ile mashine?"

Nilimwongezea chai. Mume wangu naye aliangalia kikombe chake.

Mashine yenyewe tuliinunua pamoja, miaka ya mwanzo ya ndoa, kutoka kwa mzee mmoja wa Milimani, hapa Nakuru, aliyekuwa akitengeneza fanicha kwenye gereji yake kujifurahisha. Alikuwa anahamia kwa watoto wake ng'ambo na hakutaka kuiacha kwa mtu wa kuipiga bei kama chuma chakavu. Alitufanya tukate mbao mbele yake kabla hajakubali kutuuzia. Meza yake ni chuma kizito cha kumimina, laini juu kama sahani. Chini kuna mota na mkanda. Mbele kuna gurudumu dogo la kuinua na kushusha bledi, lile duara la meno linalokata, na ubavuni lingine la kuilaza ukitaka kukata kwa mshazari. Tuliibeba kwa lori lililokuwa limeshusha viazi vya Molo sokoni, na wapagazi wa soko waliiinua wakilalamika njia nzima hadi kwenye karakana yetu, upande wa kuelekea Bahati.

"Muiuze, mgawane," mjomba akasema.

"Tukiuza," nikamwambia, "kila mtu atapata nusu ya bei, na hakuna duka linalouza nusu ya msumeno."

Mimi nilikuwa nikitengeneza mizinga ya nyuki. Yeye alikuwa akitengeneza milango, vitanda, na fremu za madirisha. Bila mashine ile kila mmoja wetu angekuwa anabeba mbao kwa mkokoteni kupeleka kukatiwa kwa watu. Kaka yangu mkubwa, ambaye hapendi vikao virefu, ndiye aliyetoa uamuzi. Mwanamke atumie asubuhi, mwanamume atumie kuanzia baada ya chakula cha mchana. Kila mtu awe na ufunguo wake. Wazee wakaona ni jambo la busara, wakamaliza chai.

Watu waliniuliza kwa nini tuliachana, na sikuwahi kuwa na jibu la kuwatosheleza. Hakuna aliyempiga mwenzake, na hakukuwa na mwanamke wa pembeni ninayemjua. Tulikuwa tumefika mahali ambapo kila nilichofanya alikirekebisha, na kila alichofanya nilikirekebisha, hata namna ya kufunga lango. Siku moja tuligundua kwamba tunakula kwa saa tofauti ili tusionane, na tukasema basi.

Zamani alikuwa akiniita kwa jina la binti yetu, Mama fulani, nami nikimwita Mzee. Baada ya kuachana majina hayo yalikuwa hayafai tena. Ilipobidi tuongee, tuliitana fundi.

Miezi ya kwanza mpango ulikwenda vizuri. Nilikuwa nikifika jua likiwa bado halijapanda juu ya mabati ya jirani, nafungua, nachomoa waya wa mashine ukutani, ndipo naanza kuikagua. Hilo nilifundishwa chuo cha ufundi na sijawahi kuliacha: usitie mkono karibu na bledi kama waya bado uko ukutani, hata kama unajua stima zimepotea, kwa sababu stima za Nakuru hurudi bila hodi. Nilikuwa nikifagia unga wa mbao chini ya meza. Naangalia mkanda kama umeanza kupasuka. Napaka meza nta ya nyuki kidogo, naifuta kwa kitambaa mpaka mbao inateleza bila kusukumwa sana. Bledi ikishika utomvu wa saipresi naitoa, nailaza kwenye karai la mafuta ya taa, na nikirudi kuisugua kwa mswaki, ule utomvu mweusi unatoka wote.

Yeye hakuwa mtu wa kufagia. Alikuwa mtu wa kunoa. Bledi yoyote niliyoikuta imefungwa asubuhi ilikuwa kali, na hilo sikulikosoa hata kimoyomoyo. Pia alikuwa na desturi ya kushusha bledi yote chini ya meza akimaliza kazi, ili mtu asijikate akipita gizani. Kwa hiyo kila asubuhi nilianza kwa kuipandisha.

Kupitia mashine nilijua maisha yake zaidi ya nilivyotaka. Nikikuta unga mwekundu, nilijua amepata mtu wa kumtengenezea mlango wa mbao ngumu. Nikikuta wa mti wa mukima, ni kitanda. Nikikuta hakuna unga mpya, hakuja. Nadhani naye alinijua vivyo hivyo, ingawa unga wangu ulikuwa wa saipresi siku zote, na habari zangu hazikubadilika sana.

Shida ilianza na pembe.

Mzinga wa kisasa ni sanduku tu, lakini ni sanduku lisilosamehe. Pembe zake zikiwa zimepinda kidogo, fremu za ndani hazikai sawa, na nyuki wakiona nafasi mahali isipopaswa kuwa wanaijaza gundi yao. Mwenye mzinga anakuja kuvuna, anavuta fremu, haitoki. Halafu anakupigia simu. Mimi nilipigiwa simu ya namna hiyo na mfugaji mmoja wa Njoro, mama mpole, ambaye hakunilaumu. Alisema tu, "Hii mizinga ya mwisho iko na kiburi kidogo." Nikaenda kuiona. Niliweka skwea yangu kwenye kona, kile kipimo cha chuma cha kuangalia kama pembe imenyooka, na nikaona mwanga ukipita kati ya chuma na mbao.

Asubuhi iliyofuata nilipima bledi. Ilikuwa imeinama kidogo, haijasimama wima juu ya meza. Nikaisimamisha kwa gurudumu la ubavuni mpaka mwanga ukapotea, nikakaza, nikakata.

Jioni simu ikalia.

"Fundi," akasema, "umegusa pembe ya mashine?"

"Nimeirudisha mahali inafaa kuwa."

"Ilikuwa sawa. Mimi niliipima jana."

"Labda uliipima vibaya. Nimeikuta imelala."

"Nimepima na skwea ya baba," akasema, kana kwamba hilo linamaliza mjadala. Baba yake alikuwa fundi mbao kabla yake, na skwea ile yenye mpini wa mti ilikuwa kitu pekee alichomwachia ambacho ndugu zake hawakukigombania. "Wewe ndiye umeilaza. Nimeisimamisha."

Kesho yake nilipofika nikaikuta imelala tena. Nikaisimamisha. Mchana naye akaikuta imelala, akaisimamisha kwa namna yake. Tukaendelea hivyo kwa majuma kadhaa. Hatukugombana. Tulikuwa tumeshaacha kugombana tulipoachana, na hakuna aliyetaka kuanza upya kwa ajili ya bledi. Lakini kila asubuhi nilipoweka skwea yangu mezani na kuona ule mstari mwembamba wa mwanga, nilisikia ndani yangu jambo lile lile nililokuwa nikilisikia zamani nikikuta lango limefungwa tofauti na nilivyolifunga. Nilidhani anafanya makusudi. Baadaye aliniambia kwamba naye alidhani hivyo hivyo kunihusu mimi.

Mbao zikaanza pia kuungua. Upande mmoja wa mkato ulitoka na alama nyeusi, na karakana ikanuka moshi. Mbao ikiungua, jambo la kwanza la kushuku ni bledi butu, lakini bledi zake hazikuwa butu. La pili ni fensi, ile reli inayoongoza mbao: kama inaelekea ndani kwa nyuma, inaibana mbao dhidi ya bledi. Nilipima fensi mbele na nyuma. Ilikuwa sawa. Nikasema, basi ni yeye anasukuma mbao vibaya mchana na kuiharibu mashine, wazo ambalo halina maana yoyote kiufundi, lakini niliishi nalo muda fulani.

Katika majuma hayo nilianza kukuta vipande vya ajabu kwenye pipa la mabaki. Kulikuwa na kabari ndefu, nyembamba upande mmoja na nene upande mwingine, za aina unayopata ukitengeneza mteremko. Kulikuwa na vipande vifupi vya mukima, vilivyokatwa na kukatwa tena kidogo kidogo kama mtu anayepunguza urefu wa kitu bila kuridhika. Halafu kulikuwa na kipande cha plaiwudi chenye umbo la yai, kimetolewa katikati ya ubao kwa msumeno wa mkono. Kwanza nilidhani ni fremu ya kioo. Nilikiweka juu ya meza na kukiangalia huku nikinywa chai. Kilikuwa kidogo mno kwa kioo. Nikaweka na vile vipande vifupi vya mukima, ambavyo vilionekana kuwa vya miguu, kando yake, na zile kabari, na nikaelewa kwamba naangalia tundu la kiti cha choo. Ni kile kiti cha mtu ambaye hawezi kuchuchumaa wala kutembea hadi chooni nje. Na kabari ni za mteremko wa mlangoni.

Nilimpigia binti yetu kumuuliza habari za bibi yake, mama wa mume wangu.

"Shosho yako anaendelea aje?"

"Kwani Dad hajakuambia?"

"Sisi tunaongea mambo ya mashine tu."

"Alianguka kwa zizi la ng'ombe. Alivunjika nyonga. Ametoka hospitali lakini hatembei bado."

Mama mkwe wangu aliishi Sachangwan, juu ya barabara kuu, kwenye shamba la viazi na ng'ombe wachache. Miaka yote ya ndoa yetu tulielewana vizuri, yeye na mimi, labda kwa sababu tulikaa mbali. Baada ya kuachana sikujua kama bado nina ruhusa ya kwenda. Hakuna kikao cha wazee kilichosema mama mkwe anabaki kwa nani. Jumamosi moja nilinunua sukari, mkate na blanketi, nikapanda gari la Molo.

Huko juu baridi ilikuwa kama niliyoikumbuka, ile inayoingia kwenye mikono ya sweta. Malori yalikuwa yakiteremka kwa gia ndogo, na harufu ya breki ilifika hadi kwenye ua wake. Mlangoni palikuwa na mteremko mpya wa mbao. Nilimkuta ameketi kitandani karibu na dirisha, shuka mabegani, jiko la makaa limewekwa mlangoni ili moshi utoke.

Alinitazama nikiingia, akamaliza kutafuna, kisha akasema, "Nilisikia umenitoroka."

"Sikukutoroka wewe, Shosho."

"Lakini uliondoka na viti vyote."

"Viti niliachiwa."

"Sawa," akasema. "Keti hapo kitandani basi, kwa sababu hapa kwangu kilichobaki ni kile." Akaonyesha kwa kidevu kile kiti cha choo kilichokuwa pembeni. Kilikuwa kizuri kwa kutazama, mukima uliopigwa randa vizuri, na mikono ya kushikilia. Chini ya mguu mmoja palikuwa na katoni iliyokunjwa.

"Hicho kiti kinacheza kama mlevi," akasema. "Nikikikalia nashika ukuta. Mtoto wangu amekata mguu mmoja, akaja akakata mwingine, akarudia wa kwanza. Akiendelea hivyo kitakuwa kigoda."

Nilicheka, naye akacheka kidogo mpaka nyonga ikamkataza. Halafu akaniambia kwa sauti nyingine, bila kunitazama, kwamba anaogopa kukitumia akiwa peke yake, na kwa hiyo hanywi chai nyingi siku hizi. Hilo lilinikaa vibaya. Mama yule alikuwa mtu wa chai.

Nilikigeuza kiti miguu juu, nikachukua skwea kwenye mkoba wangu. Ndiyo, niliibeba, sijui kwa nini, labda nilikuwa nimeshakisia. Miguu yote ilikuwa na urefu mmoja, alikuwa amepima kwa uangalifu. Lakini mahali mbao za kuunganishia zilipokutana na miguu, palikuwa pamekatwa pembe isiyonyooka. Kila kiungo kiliinama kidogo, na makosa hayo madogo yakajumlishwa yakawa kiti kinachocheza. Ukipunguza mguu hapo hufanyi chochote.

Nilikuwa bado nimepiga magoti na kiti kimegeuzwa mbele yangu wakati mume wangu wa zamani alipoingia na mtungi wa maziwa. Akasimama mlangoni.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja."

Akaweka mtungi chini. Akaangalia skwea iliyokuwa kwenye kiungo, na mwanga uliokuwa ukipita. Alichuchumaa upande wa pili wa kiti, akaichukua skwea mkononi mwangu, akaiweka kwenye kiungo kingine, halafu kingine.

"Ulipima bledi kabla ya kukata?" nikamuuliza.

"Nilipima. Nilipima vizuri sana. Hiki ni kiti cha mamangu."

Nilimwamini. Kwa majuma mengi nilikuwa nimemwona kama mtu anayepima ovyo, lakini sikuweza kufikiri kwamba alipima ovyo kwa ajili ya mama yake.

"Na mimi hupima kila asubuhi," nikasema.

"Basi ni mashine," akasema.

"Ni mashine."

Mama yake aliyekuwa kitandani akasema, "Mkimaliza kukubaliana mniwekee maziwa kwa jiko."

Jumapili baada ya kanisa tulikutana kwenye karakana. Ilikuwa mara ya kwanza kuwa humo pamoja tangu siku ya wazee. Alikuwa bado amevaa suruali ya kanisa, akaipandisha juu ya soksi. Mimi nilikuwa na leso kichwani. Tulisalimiana kama watu wa ofisi moja.

Tulianza na zile skwea mbili, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na hakika kwamba ya mwenzake ni mbovu. Kuipima skwea ni rahisi. Unachukua ubao wenye ukingo ulionyooka, unaegemeza skwea, unachora mstari kwa penseli iliyochongwa vizuri. Halafu unaipindua skwea upande wa pili na kuchora tena palepale. Kama mistari inakaa mmoja juu ya mwingine, skwea ni ya kweli. Kama inaachana, skwea inadanganya. Nilichora kwa yangu kwanza. Mistari ikawa mmoja. Akachora kwa ile ya baba yake, polepole, ulimi ukitokeza kidogo pembeni mwa mdomo kama alivyokuwa akifanya tangu ujana. Mistari ikawa mmoja.

Nilivunjika moyo kidogo. Naona naye pia.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa tuanze kama hatujui kitu."

Tulichomoa waya. Nikaipandisha bledi, tukaisimamisha wima pamoja, yeye akipima kwa skwea yake na mimi nikirudia kwa yangu, mpaka hakuna mwanga. Tukarudisha waya, tukaiwasha, tukapitisha mbao za mabaki, nyingi, mpaka meza ikaanza kuwa na joto la kazi. Tukazima, tukachomoa waya, tukangoja bledi iache kuzunguka kabisa. Nikaweka skwea. Mwanga ulikuwepo juu.

"Imelala," nikasema.

"Mimi sijaigusa."

"Na mimi sijaigusa."

Kisha nilifikiria kile anachofanya kila jioni kabla ya kufunga. Nikamwambia aishushe bledi yote chini, halafu aipandishe tena. Akazungusha gurudumu. Nikapima. Ilikuwa imesimama wima, kama hakuna kilichotokea.

Tulitazamana, kisha akachukua simu yake, akawasha tochi, akajilaza chali chini ya meza na suruali yake ya kanisa. Nilitandika gunia haraka lakini alikuwa ameshalala.

Bledi ya mashine ile haikufungwa moja kwa moja kwenye meza. Inakaa kwenye kibebeo cha chuma kilichoning'inizwa chini ya meza kwa boliti mbele na nyuma. Pale nyuma palikuwa pameganda unga wa mbao uliochanganyika na utomvu na grisi ya miaka, mgumu kama matofali. Mimi niliyekuwa nikifagia kila asubuhi sikuwahi kufika pale, kwa sababu palikuwa nyuma ya mota. Alianza kuupasua kwa bisibisi. Ulimwangukia usoni.

"Shika kibebeo kwa upande wako," akasema, "sukuma."

Nilipitisha mkono kwenye mlango wa ubavuni na kusukuma. Chuma kile kizito kikasogea. Kidogo tu, lakini kikasogea, na kikatoa sauti ya kugongana.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Boliti mbili za nyuma zimelegea," akasema. "Moja imekwisha meno kabisa. Ni huu uchafu tu ulikuwa unaishikilia."

Ikawa wazi. Nikianza kazi asubuhi, mtetemo uliivuta nyuma ya kibebeo polepole, na bledi ikaanza kulala bila mimi kujua. Yeye alikuja mchana, akaikuta imelala, akaisimamisha katika hali ile ya kulegea. Jioni aliposhusha bledi, kibebeo kikarudi mahali pake pa zamani. Asubuhi mimi nikaipandisha, nikakuta kipimo chake kimeharibika upande mwingine. Kila mmoja wetu alipima kweli, kwa saa yake. Hata ile mbao kuungua ilitokana na hapo, kwa sababu kibebeo kikisogea nyuma, bledi haiendi tena sambamba na fensi, hata kama fensi yenyewe iko sawa.

Alikuwa bado chini ya meza. Niliona viatu vyake tu na mwanga wa simu.

"Ile siku ya wazee," akasema kutoka kule chini, "nilidhani utasema iuzwe."

"Mimi nilidhani wewe ndiye utasema."

Bisibisi ikaendelea kukwaruza kwa muda.

"Nipe spana ya kumi na tisa," akasema.

Nikampa.

Boliti tulizitoa siku hiyo, na Jumatatu nilizipeleka kwenye maduka ya vyuma mjini nikapata za ukubwa ule ule, pamoja na zile washa, pete za kukunjika zinazozuia nati kulegea kwa mtetemo. Tulizifunga pamoja, saa ambayo ilikuwa yake lakini aliniomba nibaki. Kabla ya kukaza mwisho tulilinganisha bledi na mfereji ulio juu ya meza. Unaweka alama ya chaki kwenye jino moja, unapima umbali wake hadi mferejini likiwa mbele, unazungusha bledi kwa mkono mpaka jino lile lile lifike nyuma, unapima tena. Unagonga kibebeo kwa nyundo ya mti, kidogo, unapima, unagonga. Yeye aligonga, mimi nilipima. Hakuna aliyemrekebisha mwenzake, labda kwa sababu jino lenyewe lilikuwa likisema.

Tulipokata ubao wa kwanza, ulitoka mweupe pande zote mbili, bila harufu ya moshi. Niliweka vipande viwili mezani, nikavisimamisha ukingo kwa ukingo. Vikasimama vyenyewe.

Kiti kipya cha mama yake tulikitengeneza katikati ya juma lile. Mimi nilikata mbao asubuhi kwa vipimo alivyoniachia, na yeye aliziunga mchana. Niliongeza urefu wa mikono ya kiti kidogo kuliko alivyosema, kwa sababu nilikuwa nimemwona mama akijaribu kuinuka, na safari hiyo hakuuliza. Alikipeleka mwenyewe Sachangwan. Jioni mama mkwe alinipigia. Alizungumza kwanza juu ya baridi, kisha juu ya bei ya viazi, halafu akasema, "Nimekikalia bila kushika ukuta," na akanishukuru kwa blanketi, kana kwamba blanketi ndilo lililokuwa jambo kubwa. Alikitumia msimu mzima wa baridi. Baadaye akaanza kutembea na mkongojo, na kile kiti wakakitoa kwa jirani aliyekuwa na shida kama yake.

Binti yetu alisikia kwamba tulikuwa tumefungua mashine pamoja na akanipigia simu akiwa na sauti ya matumaini. Nilimwambia ukweli, kwamba tulifunga boliti. Dada zangu pia walisubiri kusikia kingine. Kusema kweli na mimi niliwaza, siku kadhaa, nikiwa nafagia. Nilijiuliza kama yale ya nyumbani nayo yalikuwa hivyo, jambo moja lililolegea mahali ambapo hakuna aliyetazama. Sikupata boliti yoyote. Tulikuwa watu wawili wanaofanya kazi vizuri pamoja wakiwa na kitu cha kutengeneza, na ambao hawakuwa na la kuambiana kikishapona. Yeye naye hakuniomba nirudi, nami sikumlaumu.

Tuliendelea na zamu kama mwanzo, ila tuliacha kupimana. Nikikuta kitu hakiko sawa nampigia kumuuliza. Aliacha kusema skwea ya baba.

Mwaka uliofuata alianza kukaa zaidi Sachangwan, kwa sababu mama alikuwa amepona nyonga lakini hakuweza tena kukamua. Alifungua kibanda chake huko, akanunua msumeno mdogo wa kubebeka. Hakuniambia kwamba ameacha zamu yake. Nilijua tu kwa sababu asubuhi nilikuwa nikikuta unga wangu mwenyewe wa jana. Nilipomuuliza, alisema, "Kaa nayo. Nikiwa na mbao pana nitakuja." Amekuja mara chache. Akija hupita dukani kwanza akaniletea mkanda mpya, hata kama wa zamani bado ni mzima.

Mwezi uliopita alinipigia nikiwa napaka mizinga rangi. Mashine yake ndogo ilikuwa inatoa cheche kwenye mota na harufu ya kuungua.

"Iwashe, uniwekee simu karibu," nikamwambia.

Niliisikia ikinguruma, ikikatikakatika. Nyuma yake kulikuwa na upepo wa kule juu na ng'ombe mmoja aliyekuwa akilia.

"Zima," nikasema. "Hiyo ni ile mikaa midogo inayopeleka stima ndani ya mota, imeisha. Sio beringi. Fungua vifuniko viwili vya ubavuni uitoe uone. Usiikatie kitu tena kabla hujabadilisha."

"Mipya itapatikana Molo?"

"Beba ile ya zamani waione. Ina ukubwa tofauti."

Akasema sawa, atashuka kesho akipeleka maziwa. Nikafunika kopo la rangi kabla rangi haijashika ngozi juu, nikaenda kutafuta brashi ndogo ya kupaka kona za mizinga.